Kuvuna mpunga kwa mundu na kufunga miganda

Huku Bagamoyo bonde la Ruvu watu wengi wanasubiri suke lote likauke ndo waingie shambani, kosa hilo, ukiona punje kama 8 kati ya 10 zimekuwa rangi ya dhahabu na ukizing'ata ni ngumu, vuna, ukichelewa zinapukutika na ndege kwelea kwelea nao hawakuachii kitu. Maji uwe umeshayatoa wiki moja kabla.

Shika mashina mkono wa kushoto, vuta mundu kuja kwako, sio kama unafyeka majani. Laza masuke yaangalie upande mmoja.

Kufunga sasa ndo kwenyewe. Kamba ya nini? Chukua mabua marefu machache yenye umande umande bado (makavu yanakatika, mimi mganda ulinifumukia njiani nikaokota punje mpaka jua linazama), zungusha, kandamiza kwa goti ukaze, sokota ncha mbili pamoja halafu chomeka chini ya mshipi huohuo.

Simamisha miganda mitatu minne iegemeane, masuke juu, upepo upite. Ukiilaza kwenye tope inachipua. Na kupura, pura juu ya turubai jamani, wali wa mchanga nani atakula.