Somo: Usifuate jina, fuata ardhi. Kuwatafuta wazao wa akina Neville wa Raby

Wengi mnaoniandikia mnataka kupanda. Mnaanza na bibi aliyemzaa mama, mnakwenda juu mpaka njia inaziba. Leo tunashuka. Tunamchukua kabaila mmoja wa Kiingereza aliyefariki 1425, tunawafuata watoto, wajukuu, vitukuu na vilembwe wake, pingili kwa pingili kama muwa, mpaka tuwafikie watu wa zama zetu.

Kabaila wetu ni Ralph Neville, Earl (cheo cha kikabaila) wa kwanza wa Westmorland, bwana wa kasri la Raby katika kaunti ya Durham, kaskazini mwa Uingereza. Nimemchagua kwa sababu alizaa sana na hati zake zimebaki. Alioa Margaret Stafford, na Margaret alipofariki akamwoa Joan Beaufort. Kwa wote wawili alipata watoto zaidi ya 20. Ukiingia kanisa la Staindrop, jirani na Raby, utaiona sanamu yake ya alabasta imelala juu ya kaburi, deraya mwilini, mke huku na mke huku. Joan mwenyewe hayumo. Alizikwa Lincoln, pamoja na mama yake.

Kutoka 1425 mpaka sasa ni miaka 600, yaani vizazi 20 hivi. Piga hesabu: katika kizazi cha 20 kwenda juu, kila mmoja wetu ana nafasi 1,048,576 za mababu. Kwa hiyo wazao wa Ralph wamejaa tele. Kuwathibitisha ndiyo kazi.

Hatua ya 1: Litilie shaka jina

Mgeni wa kazi hii hufungua orodha ya watu wanaoitwa Neville na kuanza kuwaunganisha. Mimi mwenyewe nilipoteza miezi minne na fundi viatu mmoja wa Lancashire. Nilimjengea shajara, yaani mti wa ukoo, ya kupendeza mpaka Raby, kisha nikakuta kwenye rejista ya ubatizo kwamba babu yake aliandikwa Nevison. Karani aliyefuata ndiye aliyelifupisha. Miezi minne!

Na hata Neville wa kweli si Neville. Katika karne ya 13 bwana wa Raby aliitwa Robert fitz Maldred, na hilo "fitz" ni kama "bin" kwetu. Alimwoa Isabel de Neville, aliyerithi mali ya ndugu yake. Mtoto wao Geoffrey akalichukua jina la mama, na wote waliofuata wakawa Neville. Kuumeni ni watu wa Maldred, wenyeji wa kaskazini. Unormani wa jina lao, yaani asili ya Normandy huko Ufaransa, walioupenda sana umetoka kukeni.

Hatua ya 2: Gawa milango

Chora milango miwili, yaani matawi mawili ya ukoo, wa Margaret na wa Joan, wala usiichanganye hata siku moja. Cheo cha Earl kilikwenda kwa mlango wa mke wa kwanza, ila Ralph akafanya ujanja: sehemu kubwa ya ardhi, ikiwamo Middleham na Sheriff Hutton huko Yorkshire, aliwaandikia watoto wa Joan, ambaye alikuwa wa damu ya kifalme. Basi wajukuu wa mke wa kwanza wakabaki na cheo kikubwa na mfuko mwembamba. Ugomvi ukawaka, mpaka mapatano ya 1443 yalipowaachia Raby na wenzao wakashika Yorkshire. Kwa mtafutaji, ugomvi wa mirathi ni neema. Ndugu wakishtakiana, kila mmoja hutaja babu yake mbele ya hakimu.

Mlango wa mke wa kwanza uliporomoka baada ya uasi wa kaskazini wa 1569. Earl wa sita alikimbia, mali ikataifishwa, naye akafia uhamishoni Flanders 1601 bila mwana wa kiume. Mwaka 1626 Raby ilinunuliwa na Sir Henry Vane, na ukoo wake unaishikilia hadi leo. Kwa hiyo usiandike barua kasrini kuuliza habari za "babu yenu Ralph".

Mlango wa Joan ndio uliosambaa. Richard akawa Earl wa Salisbury, William akawa Lodi Fauconberg, George akawa Latimer, Robert akawa askofu wa Durham. Edward akawa Abergavenny, na kutoka kwake ukoo unashuka kuumeni mpaka leo, sasa ukiandikwa Nevill bila "e" ya mwisho. Mabinti waliolewa Norfolk, Northumberland, Buckingham na York. Huyo wa York ni Cecily, mama wa wafalme wawili, Edward IV na Richard III.

Hatua ya 3: Soma hati ya kifo cha mwenye ardhi

Hapa ndipo penye asali, tulieni.

Kuanzia miaka ya 1230 mpaka katikati ya karne ya 17, mtu aliyeshika ardhi moja kwa moja kutoka kwa mfalme akifa, ofisa wa mfalme alikuja wilayani, akaita jopo la wenyeji na kuwaapisha. Swali lilikuwa: marehemu alikuwa na nini, alikufa lini, mrithi ni nani, ana umri gani? Majibu yaliandikwa kwa Kilatini kwenye ngozi. Jina la hati ni inquisitio post mortem, na nyingi zimehifadhiwa Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew. Nyingi pia zimefupishwa kwa Kiingereza na kuchapishwa, kwa hiyo kutojua Kilatini si udhuru.

Mstari mnaoutafuta uko karibu na mwisho. Husema takriban hivi: "na kwamba alifariki Jumatatu kabla ya sikukuu ya Mtakatifu fulani, mwaka kadhaa wa mfalme fulani, na kwamba Fulani ni mwanawe na mrithi wake wa karibu, umri wake miaka 21 na zaidi."

Pima kila neno. Tarehe ni ya sikukuu na ya mwaka wa utawala, hivyo igeuze kwa jedwali, usikisie. Maneno "21 na zaidi" maana yake ni mtu mzima tu. Anaweza kuwa na 22 au 45. Niliwahi kuona shajara yenye mama aliyejifungua akiwa na miaka minane kwa sababu mtu aliichukua 21 kama ilivyo.

Lingine ni lile ambalo hati haisemi. Palipokuwa na mwana wa kiume, mkubwa peke yake hutajwa, na wadogo zake na dada zake hawamo. Pasipokuwa na mwana, mabinti wote hurithi kwa kugawana, na wote hutajwa, pamoja na waume zao. Ndiyo maana nasema mtu aliyekufa bila mwana ni lulu. Ukoo "uliokwisha" kwa wengine, kwetu ndio kwanza umefunguka matawi.

Mrithi akiwa mtoto, miaka baadaye utakuta hati nyingine ya kuthibitisha umri wake. Wazee 12 wanaeleza wanaikumbukaje siku aliyobatizwa: huyu alianguka farasi akavunjika mguu, yule alimzika baba yake siku hiyohiyo. Zinasomeka kama hadithi za barazani, ila msizinywe zote. Visa vilevile vimejirudia katika hati za kaunti tofauti, maana makarani walikuwa na kiolezo chao.

Hatua ya 4: Wafuate mabinti

Mfano. Ralph alimzaa Richard wa Salisbury. Richard alimzaa Richard mwingine, Earl wa Warwick, yule aliyeitwa Mtengeneza Wafalme, akauawa vitani Barnet 1471. Warwick hakuwa na mwana wa ndoa, alikuwa na mabinti wawili. Anne alikuwa malkia wa Richard III, na mtoto wake wa pekee alitangulia kufa, kwa hiyo tawi hilo lifunge. Isabel aliolewa na George, Duke wa Clarence, akamzaa Margaret. Margaret aliolewa na Pole, akakatwa kichwa 1541 kwa amri ya Henry VIII. Mwanawe Henry Pole alikuwa ameshauawa 1539, akiacha binti, Catherine, aliyeolewa na Francis Hastings, Earl wa Huntingdon.

Vizazi saba, na jina la Neville limeshapotea tangu binti wa Isabel. Kutoka kwa Hastings mstari unateremka, tena kupitia binti, mpaka kwa ma-Earl wa Loudoun. Mmoja wao aliishi Jerilderie, mji mdogo wa Australia, hadi alipofariki 2012. Aliyekuwa akisaka jina tu asingefika huko.

Hatua ya 5: Karatasi za baadaye

Hapa nakimbia, kwa kuwa wengi mnazijua. Wosia uliothibitishwa katika mahakama ya Canterbury upo Kew kuanzia 1384 hadi 1858, fungu la PROB 11, na humo ndimo watoto wadogo waliorukwa na hati za ardhi hujitokeza, hata kwa kuachiwa kitanda au kikombe cha fedha. Rejista za parokia zilianza 1538, lakini tarajia mapengo wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640. Uandikishaji wa serikali ni kuanzia Julai 1837, na sensa ya 1841 ndiyo ya kwanza kuandika majina ya watu nchi nzima.

Angalizo moja la tarehe. Kabla ya 1752 mwaka wa Waingereza ulianza 25 Machi. Mfalme Charles I alikatwa kichwa 30 Januari 1649 kwa hesabu yetu, ila hati za siku ile zinasema 1648. Andika miaka yote miwili.

Pia kati ya 1530 na 1688 maofisa wa nembo walizunguka kaunti kwa kaunti wakiandika nasaba za wenye vyeo. Mwenye nyumba ndiye aliyesimulia. Mpaka babu yake mwamini. Akianza kutaja mashujaa waliokuja na William Mshindi 1066, funga daftari unywe chai.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkazi wa Leicester: Mwalimu, mimi naishi huku pamoja na Wahindi wetu wa Kampala na Nairobi. Mfalme Richard III alifukuliwa hapa chini ya maegesho ya magari 2012. Vinasaba si vingemaliza kazi yote hii ya hati?

Vinasaba bila shajara havikuambii kitu, ndugu yangu. Walimtambua Richard kwa sababu watafiti walikuwa tayari wamefuata hati kukeni, kutoka kwa dada yake Anne, binti wa Cecily wetu, mama kwa binti, mama kwa binti, mpaka kwa watu wawili walio hai. DNA ya mitokondria, ambayo mama humpa mtoto, ya mmoja ililingana kabisa na ya mifupa, na ya mwingine ilitofautiana herufi moja tu. Kuumeni walipima wanaume watano wa ukoo wa Somerset, ambao kwa hati wana babu mmoja na Richard, Edward III. Hakuna aliyelingana naye. Tena mmoja kati ya hao watano hakulingana na wenzake wanne. Kwa hiyo angalau mara mbili, mahali fulani, baba wa kwenye karatasi hakuwa baba wa damu. Vipimo vya kawaida vya kununua mtandaoni, hivyo vya binamu, havifiki vizazi 20.

Mama wa Tanga: Watoto wa nje ya ndoa wanahesabiwa?

Kwa damu ndiyo, kwa mirathi hapana, labda wahalalishwe. Joan Beaufort mwenyewe alizaliwa kabla wazazi wake hawajaoana, akahalalishwa pamoja na kaka zake na bunge 1397. Na hao Somerset niliowataja wanatokana na Charles, mwana wa nje wa Duke aliyekatwa kichwa 1464. Wasakeni kwenye wosia, mama. Baba akikaribia kufa huwa mkweli.

Kijana wa Naivasha: Walodi walowezi waliokuwa huku kwetu, nao ni wa shajara hizi?

Kila mmoja ana shajara yake, usiwaunganishe kwa kukisia. Ila una mfano mzuri mlangoni. Earl wa Erroll alipouawa kwa risasi nje ya Nairobi Januari 1941, aliacha binti mmoja. Cheo cha Erroll ni cha Uskoti, kikaenda kwa binti. Cheo chake kingine, Baroni Kilmarnock, kilikuwa cha wanaume tu, kikaenda kwa mdogo wake, ambaye mwaka uleule aliacha jina la Hay na kujiita Boyd. Kifo kimoja, vyeo viwili, njia mbili, na ndugu kabadili jina juu yake.

Mwanachama mpya, Doha: Kuna watu wananiuzia nembo ya ukoo wa Neville kwa kuwa babu yangu aliitwa Neville. Ninunue?

Ukiipenda kama pambo la ukutani, sawa. Msalaba mweupe wa mshazari juu ya nyekundu unapendeza. Lakini Uingereza nembo ni ya mtu na wazao wake waliothibitishwa, si ya kila mwenye jina. Na babu yako, shikamoo yake, inaelekea alipewa Neville kama jina la ubatizo.

Mkazi wa Leicester tena: Nianze na tawi lipi kwa mazoezi?

Mchukue Eleanor, binti wa Ralph na Joan, aliyeolewa na Percy wa Northumberland. Mumewe aliuawa St Albans 1455 akipigana na upande wa kaka yake Eleanor, na ndani ya miaka michache wanawe kadhaa wakafa vitani pia. Vifo vingi kiasi hicho vya watu wenye ardhi vimeacha hati nyingi. Mwanawe mrithi ameandikwa kila mahali, mpitie haraka. Ukikwama kwa wadogo zake, piga picha ya hati uilete hapa tuisome pamoja.