Nashville kwa gari-nyumba: liache kambini

Ukifika Nashville na gari-nyumba, usithubutu kuingia nalo Broadway, mtaa wa kumbi za muziki katikati ya mji. Watu wamejaa hadi barabarani, na maegesho ya katikati ya mji hayakujengewa gari refu kama basi. Liache kwenye kambi za Music Valley, kisha ushuke mjini kwa teksi au basi la WeGo.

Nenda mchana, wakati bado unapata kiti. Kumbi kama Tootsies na Robert's Western World zinapiga muziki wa kantri mubashara tangu mapema, na mchana mara nyingi hulipi kiingilio. Ila bendi inategemea tuzo, kwa hiyo beba noti za dola 1 na 5. Ukiomba wimbo, mtuze mwimbaji kama ambavyo ungemtuza wa taarabu. (Viatu vya kauboi dirishani? Mimi niliishia kuvitazama tu.)

Hatua chache kutoka hapo ni ukumbi wa Ryman, jengo la 1892, nyumbani kwa Grand Ole Opry, onyesho la kantri la redioni, kuanzia 1943 hadi 1974. Opry ilipohama, kipande cha duara cha jukwaa lile kilihamishiwa ukumbi mpya, ambao uko jirani na kambi yako.