Usiazime Waya wa Kompyuta Kupikia Wali
Kwenye vibanda vya chakula jirani na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, nimeona waya wa kompyuta umechomekwa kwenye jiko kubwa la umeme la kupikia wali kwa sababu tu kichwa chake kinaingia. Kabla ya kuazima waya wa namna hiyo, soma maandishi yaliyochapwa kwenye ganda lake: ukikuta 3 × 0.75 mm² (yaani nyaya tatu za ndani, kila moja yenye unene wa milimita za mraba 0.75), kwa kawaida huo ni wa ampea 6, ilhali chombo cha wati 2,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 huvuta karibu ampea 8.7, hivyo waya hupata joto na ganda huweza kulainika mpaka nyaya za ndani zikagusana. Fyuzi ya ampea 13 ndani ya plagi haitakuokoa, kwa kuwa kwake mzigo huo bado ni mdogo.

Chomeka waya kwenye chombo kwanza, kisha ukutani. Wakati wa kuchomoa anza na ukutani, ukishika plagi yenyewe kwa mikono mikavu (aliyetoka kuosha sangara ajifute kwanza). Waya ambao kichwa chake kimebadilika rangi au kinanuka plastiki iliyoungua usiufunge selotepu. Ukate, utupe, ununue mwingine wa 1 mm² au zaidi.