Kuchora ramani ya seli ya ubongo wa panya anayezurura huru

Nikimwambia mtu hapa Mtwara kwamba nashughulika na panya, huuliza kama nimeleta samaki nchanga, yaani panya wa kuliwa. Bahati mbaya kwake, panya wangu walirekodiwa Marekani, kwenye maabara ya mtafiti wa ubongo György Buzsáki, vipima vyembamba vya silikoni vikiwa ndani ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu na mahali, huku wakizurura wapendavyo. Ramani tutakayochora inaonyesha seli moja hupiga zaidi panya akiwa wapi. Data ni za bure kwenye CRCNS, hazina ya mtandaoni ya data za ubongo, mkusanyiko hc-3.

Hatua ya 1. Jisajili, pakua kipindi kimoja tu kwa bando la usiku. Achana na mawimbi ghafi, ni mazito. Chukua nyakati za mipigo ya umeme ya seli na faili la mahali panya alipokuwa.

Hatua ya 2. Weka vyote kwenye saa moja. Katika vipindi vingi mipigo imehesabiwa kwa sampuli 20,000 kwa sekunde, mahali takribani 39. Gawanya kila kimoja kwa kasi yake upate sekunde.

Hatua ya 3. Chora njia ya panya kabla hujagusa seli yoyote. Mimi niliiruka hatua hii, nikapata seli "inayopenda kona" mno, nikashangilia siku mbili nzima. Kumbe kamera ikipoteza taa iliyo kichwani mwa panya, faili huandika -1, na mipigo yote ya wakati huo ilikuwa imerundikana hapo. Futa hizo -1 kwanza.

Hatua ya 4. Gawa uwanja kwa vigae vya sentimita 5. Hesabu mipigo ya kila kigae, kisha gawanya kwa sekunde ambazo panya alikaa humo. Mvuvi wa Mikindani aliyeshinda baharini humlinganishi kwa ndoo na aliyekaa saa moja.

Hatua ya 5. Ondoa sekunde ambazo mwendo uko chini ya sentimita 5 kwa sekunde. Panya akitembea, hipokampasi hucheza mdundo wa theta, kama mara 8 kwa sekunde, na kila seli hushika sehemu yake. Akisimama, mdundo huvunjika. Seli nyingi hupiga pamoja kwa muda mfupi mno, wakati mwingine zikirudia njia aliyokwisha kupita. Ukivichanganya, ramani inachafuka.

Kama seli ni nzuri utaona doa moja lililokolea, mahali seli inapopiga zaidi, kama lile alilolikuta mtafiti wa ubongo John O'Keefe London mwaka 1971. Zile sekunde za kusimama usizitupe, zihifadhi kwenye faili lake: ukitaka kuona seli zikifanya kazi kama kundi, utaanzia humo.