Jinsi ya kufuatilia mafuta ya petroli mpaka kwenye bahari ya kale yalikotoka

Kwanza toa dinosaria kichwani. Mafuta mengi duniani yametokana na mwani na viumbe vidogo mno vya baharini, vile vinavyoelea tu majini. Kwa hiyo ukitaka kujua kwanini Saudia ina mafuta kibao, chukua ramani ya jiolojia uanze na bahari iliyokuwepo pale zamani, sio jangwa unaloliona leo.

Swali la kwanza, kule chini ya hiyo bahari oksijeni ilikuwepo? Hapa ndo penyewe na watu wengi wanaparuka. Mwani ukifa ukazama kwenye maji yenye oksijeni unaliwa na bakteria unaisha wote, ila maji ya chini yakituama yakakosa oksijeni unazikwa kwenye tope ukiwa bado na mafuta yake, tope linakuwa jeusi, baadaye sana linageuka mwamba. Hali hiyo ipo hata leo Bahari Nyeusi, ukishashuka mita 200 hivi oksijeni hakuna. Kwenye Bahari ya Kaskazini tope la namna hiyo lilijikusanya miaka kama milioni 150 iliyopita, na ndo lililowapa Norway na Uingereza mafuta yao mengi.

Kisha angalia joto. Tope linatakiwa lizikwe kilomita 2 mpaka 4 hivi, nyuzi joto 60 hadi 120. Likiwa pungufu haliivi, likizidi sana unabaki na gesi.

Halafu tafuta jiwe lenye vitundu, maana mafuta hayakai chini kama ziwa, yamejificha kwenye jiwe kama maji kwenye sponji. Angalia Ghawar, eneo la mafuta kule Saudia, iligunduliwa 1948, urefu wake karibu kilomita 280. Mafuta yako ndani ya chokaa iliyoachwa na bahari ya Tethys enzi za Jurasiki, na juu yake maji ya bahari yalipokauka yakaacha tabaka gumu la anhidriti, jamii ya jasi, lisilopitisha kitu. Yaani bahari ileile imetoa tope, jiwe na kifuniko, sehemu moja! Kupata vyote vitatu hivyo ni nadra sana.

Mwisho kagua mtego unaonasa mafuta yakiwa yanapanda juu, yaani pale matabaka yalipojikunja au yalipoinuliwa. Spindletop kule Texas ni chumvi ya bahari ya kale iliyojisukuma juu ikainua mawe, wakachimba pale Januari 1901 mafuta yakaruka zaidi ya mita 40 na biashara ya mafuta Texas ikashika moto. Ila uliza mtego ulijikunja lini, kwa sababu kama mafuta yalishapita kabla haujakuwepo, hata uwe mkubwa vipi, ukichimba utatoa maji ya chumvi tu.