Kabla Korona Haijamfikia Mwenye Presha Nyumbani Kwako

Kama unaishi na mzee mwenye presha, sukari au ugonjwa wa moyo, usingoje aanze kukohoa ndipo uulize la kufanya. Achanjwe. Avae barakoa akipanda teksi iliyojaa. Mashine ya presha na kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, nunueni, au mjue ni jirani gani anavyo. Hayo karibu kila mtu anayajua.

Ambalo wengi hawalijui ni kwamba korona haiishii mapafuni. Machi 2020 madaktari wa Wuhan, Uchina, walitoa taarifa ya wagonjwa 416 waliolazwa: 82 kati yao damu ilionyesha kwamba moyo umeumia. Zaidi ya nusu ya hao 82 walifariki. Kwa wale ambao moyo wao ulikuwa salama, waliofariki hawakufika watano kwa kila mia. Walioumia moyo walikuwa wazee zaidi, na wengi walikuwa na presha tangu zamani. Oksijeni ikipungua moyo hufanya kazi maradufu, huku damu nayo ikiganda kwa urahisi kwenye mishipa. Moyo uliochoshwa na presha miaka mingi unastahimili vipi? Kipimo cha damu kinachoonyesha hayo kinaitwa troponini. Mgonjwa wako akilazwa kiulizie, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Dawa za presha asiziache kwa kuambiwa na watu. Mwaka 2020 ulienea uvumi kwamba baadhi yake zinaipa korona nguvu. Huko Brazil walifuatilia wagonjwa 659, nusu wakaendelea na dawa hizo, nusu wakasimamishwa kwa muda; waliosimamishwa hawakupata nafuu yoyote ya ziada. Deksamethasoni nayo, dawa wanayopewa waliozidiwa na korona, msiinunue dukani kwa kubahatisha. Inamsaidia anayehitaji oksijeni. Kwa mwingine inaweza kupandisha sukari na presha bure.

Sasa hili lishikeni kuliko yote: siku za kupona. Wimbi la korona la Juni 2021 lilimkuta jirani yetu wa Bombo, Uganda, mzee mstaafu wa jeshi, mwenye presha. Homa ikashuka, kikohozi kikaisha, oksijeni ikasoma 96, nyumbani wakachinja kuku. Baada ya hapo akawa halali kitandani. Analala kwenye kiti sebuleni, anasema akilala chali pumzi inakatika. Kamba ya kandambili ikamchora mguuni, na ukibonyeza kidole juu ya kifundo, kishimo kinabaki pale pale. Watoto wakasema ni uchovu wa korona. Wakampeleka kliniki ya jirani, akaambiwa hana nguvu, akatundikiwa dripu ya maji, na asubuhi yake nyingine tena. Maji yale yalikwenda kwa moyo ambao tayari ulishindwa kuyasukuma yaliyomo mwilini. Usiku akaanza kukoroma kifuani kama chungu kinachochemka. Wakatafuta gari kwenda Mulago, hospitali kuu ya rufaa jijini Kampala, akafia njiani, hata kitongoji cha Kawempe hawajakimaliza. Mkewe mpaka leo anauliza kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba miguu ile ilikuwa inazungumza habari za moyo.

Kwa hiyo, miguu ikivimba, akishindwa kulala bila mito mitatu, kifua kikibana, moyo ukienda mbio au kurukaruka, akizimia hata kidogo, mpelekeni hospitali yenye daktari wa moyo siku hiyo hiyo. Taasisi ya Moyo ya Uganda iko pale pale Mulago. Dripu msikubali mpaka mmeeleza wazi kwamba ana presha, ametoka kuugua korona, na miguu imevimba.

Vijana nao wasijidai. Aliyeambiwa misuli ya moyo imevimba kwa sababu ya korona hapaswi kurudi mpirani wala kubeba magunia mpaka daktari amruhusu, na mara nyingi ni miezi mitatu hadi sita.

Halafu haya madogo: vyeti vyote vya hospitali viwekwe kwenye bahasha moja, na majina ya dawa anazomeza yaandikwe juu yake. Mjue dereva anayekubali kutoka usiku wa manane, na nauli yake iwe pembeni, isiguswe hata kwa karo. Chumvi ipunguzwe. Na mtu mmoja nyumbani apewe kazi ya kuitazama ile miguu kila jioni.