Kumpima usonji mtoto aliyekwisha kuanza shule: namna ya kujiandaa, na namna ya kuigeuza ripoti kuwa msaada

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kuonyesha kwamba mtoto ana usonji (autism). Mtaalamu hutegemea historia ya mtoto tangu uchanga, na namna anavyoonekana akiwa nyumbani, darasani na mbele ya mtu asiyemzoea. Historia unayo wewe na ya darasani anayo mwalimu, kwa hiyo ukifika mikono mitupu, mtaalamu atabaki na kile alichokiona ndani ya saa moja au mbili tu.

Kabla ya yote, tenganisha mambo mawili ambayo wazazi wengi huyachanganya. Utambuzi wa kitabibu hujibu kama mtoto ana usonji au hana. Tathmini ya shule hujibu ni nini kinamkwamisha katika kujifunza na anahitaji nini. Anza zote kwa pamoja. Foleni ya wataalamu inaweza kuchukua miezi mingi, na hakuna sababu ya shule kungoja barua ya daktari ili imhamishe mtoto mbali na dirisha lenye kelele au imwandikie maelekezo ubaoni.

Kwa nini dalili zionekane sasa

Usonji huanza utotoni kabisa, lakini unaweza kufichika mpaka mahitaji ya kijamii yamzidi mtoto uwezo. Darasa la kwanza linambeba kwa sababu mwalimu huongoza kila kitu. Miaka miwili mitatu baadaye kunakuja kazi za vikundi, mizaha, maneno yenye maana iliyofichwa na michezo ambayo sheria zake hakuna anayezitamka. Wasichana, na watoto wenye akili nyepesi ya kuiga, huweza kujificha muda mrefu zaidi. Ndiyo maana mwalimu husema “hana shida yoyote” huku nyumbani mtoto akilipuka kila jioni: amejizuia mchana kutwa. Usiligeuze jambo hilo kuwa ubishi na shule. Andika yote mawili, kwa maana tofauti yenyewe ni taarifa muhimu.

Mtaalamu anatafuta nini

Kwa mujibu wa DSM-5, mwongozo wa Kimarekani wa utambuzi wa matatizo ya akili uliotolewa mwaka 2013, mtoto sharti awe na ugumu katika maeneo yote 3 ya mawasiliano ya kijamii: kupokezana mazungumzo na hisia, kutumia na kuelewa macho, uso na ishara, na kujenga na kudumisha urafiki. Kisha awe na angalau mambo 2 kati ya 4 haya: mienendo, michezo au maneno ya kujirudiarudia; kung'ang'ania utaratibu uleule; kuzama katika jambo moja kupita kiasi; na hisi zilizo kali mno au hafifu mno, kama kutovumilia mshono wa soksi au kutohisi maumivu. Dalili hizo ziwe zilianza mapema na ziwe zinamwathiri maishani. Yajue haya ili ujue cha kuandika. Usiende ukiyakariri mbele ya daktari.

Daftari la wiki mbili

Andika matukio, acha hukumu. “Ni mkaidi” haimsaidii mtu. Afadhali hivi: “Jumanne saa 1 asubuhi. Njia ya kwenda shule imebadilika. Amelala chini, ameziba masikio, amerudia ‘si huku’ kwa dakika 20. Ametulia tuliporudi njia ya zamani.” Kila tukio liwe na tarehe, mahali, kilichotangulia, alichofanya, muda, na kilichomaliza. Weka na mazuri pia: anachokipenda, anachokiweza, nani humtuliza.

Rekodi video chache za dakika moja au mbili: akicheza na wenzake, akisimulia siku yake, akibadilishiwa ratiba. Zisisambazwe kwa ndugu. Ni za mtaalamu.

Halafu historia. Alisema neno la kwanza lini na sentensi lini? Alikuwa akinyoosha kidole kukuonyesha kitu, au alikuvuta mkono tu? Kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea? Ujauzito na uzazi ulikuwaje, amewahi kuwa na degedege, kuna ndugu mwenye hali kama hii? Kadi ya kliniki na video za zamani za familia zinazidi kumbukumbu yako, hasa za umri wa mwaka 1 hadi 3.

Kama mtoto anakulia katika lugha mbili, taja zote na useme ipi anaielewa zaidi. Lugha mbili hazisababishi usonji, ila kupimwa kwa lugha asiyoimudu hupotosha matokeo.

Masikio na macho kwanza

Mpeleke akapimwe usikivu kwa mashine, na macho pia. Mtoto asiyezisikia baadhi ya sauti huonekana kama anayepuuza anapoitwa. Kumnong'oneza kutoka chumba cha pili hakutoshi: anaweza kulisikia jina lake na bado akakosa sauti za konsonanti zinazotofautisha maneno. Usipokuja na majibu haya, mara nyingi utarudishwa kuyafuata na tarehe yako itasogea.

Ombi kwa shule

Liandike, liwe na tarehe, na ubaki na nakala. Mazungumzo ya getini husahaulika. Maneno yatosha kuwa machache: “Naomba mwanangu, wa darasa la tatu, afanyiwe tathmini ya mahitaji ya kujifunza. Wasiwasi wangu ni mawasiliano na wenzake, kubadilisha shughuli, na kelele. Naomba kujulishwa kwa maandishi hatua na tarehe.”

Mwombe mwalimu ukurasa mmoja kuhusu nyakati nne: somo la kawaida, kazi ya kikundi, mapumziko, na kuhama kutoka shughuli moja hadi nyingine. Mapumziko ndiyo yanayosahaulika zaidi, na ndipo dalili huonekana zaidi.

Kabla ya kulipa au kukubali tarehe

Uliza nani atampima, kwa zana gani, kama watachukua taarifa za shule, na kama utapata ripoti ya maandishi na kikao cha maelezo. Uliza pia kama watachunguza mengine yanayofanana na usonji au yanayoandamana nao: ADHD (tatizo la kutotulia na kukosa umakini), wasiwasi, tatizo la lugha, ulemavu wa akili, kifafa. Anayetoa jibu ndani ya dakika 15, liwe ndiyo au hapana, mtilie shaka. Na anayesema “amenitazama machoni, kwa hiyo hana” hajui kazi.

Siku yenyewe

Tarajia madodoso, mahojiano na kumtazama mtoto. Dodoso la SCQ lina maswali 40 ya ndiyo au hapana. SRS-2 lina 65. Mahojiano ya ADI-R yana vipengele 93 na yanaweza kupita saa mbili. ADOS-2 ni shughuli na mazungumzo yaliyopangwa, kama dakika 40 hadi 60, na mtaalamu huchagua sehemu inayolingana na usemi wa mtoto. Si kila kituo kina zana hizi zote, na alama peke yake haziamui: mtoto mwenye wasiwasi mkubwa anaweza kupata alama za juu bila kuwa na usonji.

Kosa linalogharimu zaidi hutokea kwenye maswali ya maisha ya kila siku, kama yale ya kipimo kiitwacho Vineland. Yanauliza mtoto *hufanya nini mwenyewe kwa kawaida*, si anachoweza siku moja akihimizwa. Mzazi kwa mapenzi hujibu “anavaa mwenyewe”, ilhali humkumbusha kila vazi. Alama hupanda, msaada hupungua. Jibu kwa siku ya kawaida.

Usimfundishe kutazama watu machoni wala kujibu maswali. Usimjibie. Alale vya kutosha, ale, aje na kitu kinachomtuliza. Dawa anazotumia aendelee nazo isipokuwa umeambiwa vinginevyo. Mwambie ukweli mfupi: “Tunakwenda kwa mtu anayetaka kujua unavyofikiri na kipi kinakuwia kigumu, ili shule ikusaidie.”

Kuisoma ripoti

Angalia kama kila kigezo kimetajiwa ushahidi, kama kiwango cha msaada (1 hadi 3) kimeandikwa, na kama hali nyingine zimejibiwa. Ukiambiwa mtoto hawezi kuwa na usonji na ADHD kwa pamoja, hiyo ni kanuni ya zamani ya mwongozo wa DSM, iliyoondolewa mwaka 2013. Jina Asperger, lililotumika kwa usonji wa watoto wanaozungumza vizuri, nalo liliondolewa humo mwaka huohuo.

Yasome mapendekezo kwa makini. “Asaidiwe kijamii” haitekelezeki. Omba yaandikwe upya: maelekezo hatua moja moja kwa maandishi, tahadhari ya dakika 5 kabla ya kubadilisha shughuli, mahali tulivu pa kwenda anapozidiwa, muda wa ziada kwenye mitihani.

Jibu likiwa “hana”, uliza: basi nini kinaeleza haya? Ripoti nzuri haikuachi hewani. Ukienda kwa mtaalamu wa pili, mpelekee ushahidi ambao wa kwanza hakuuona, hasa wa mapumziko na wa miaka ya mwanzo.

Kikao cha shule

Nenda na mahitaji matatu, si kumi na tano. Kila lengo liwe na mtendaji, idadi, namna ya kupima na tarehe ya kulirudia. Mfano: “Ndani ya wiki 10, atatumia kadi ya kuomba mapumziko mara 4 kati ya 5 anapozidiwa, badala ya kukimbia nje. Mwalimu wa darasa ataweka alama kila siku.” Msaidizi wa kumkalia pembeni kutwa ndiye huombwa sana na wazazi, lakini akizidi huwa ukuta kati ya mtoto na wenzake, mwombe kwa saa zile ngumu. Tiba ya usemi kwa mtoto anayezungumza vizuri bado ina kazi: kupokezana maneno, kuelewa mzaha, kuomba ufafanuzi. Tiba kazi hushughulikia hisi, mwandiko na kujihudumia.

Dawa ya kuondoa usonji haipo. Zilizopo hutuliza mambo kama kukosa usingizi, wasiwasi au hasira kali. Wauzaji wa matibabu ya “kusafisha” mwili, iwe kwa dawa za kuondoa metali au kwa maji yenye klorini dioksidi, wanauza sumu.

Ripoti halisi isitoke nyumbani, toa nakala. Weka kwenye jalada moja barua, ripoti, mpango wa shule na matokeo ya kila kikao. Omba mpango upitiwe upya angalau mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi mtoto anapobadilisha mwalimu, shule au ngazi ya elimu.